Utafiti wa daktari usikwame kabatini

MALI bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo hata katika hospitali za Nyeri, Tumutumu na Chogoria. Yale ambayo madaktari na wauguzi huyaona wodini hayawezi kumfaa mgonjwa wa mji mwingine iwapo hayatachapishwa. Majarida ya kupeleka makala yapo. East African Medical Journal la Nairobi, kwa mfano, lilianzishwa mwaka wa 1923.

Kabla ya kugusa faili za wagonjwa, mtafiti sharti apate idhini ya kamati ya maadili pamoja na leseni ya NACOSTI. Anayeomba idhini baada ya kazi kwisha amechelewa.

Makala huwa na sehemu nne: utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, huku muhtasari ukitangulia. Jina la mgonjwa halitajwi kamwe. Aidha, mkubwa wa idara ambaye hakushiriki kazi hiyo asitiwe miongoni mwa waandishi.

Usipeleke makala kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Wahakiki wakikurudishia na maswali, usivunjike moyo. Jibu moja baada ya jingine.

Hata hivyo, jihadhari na jarida linaloahidi kuchapisha kwa siku chache mradi tu ulipe. Huenda hakuna anayekagua kazi yako. Kipimo cha dawa kikikosewa humo na daktari mwingine akifuate, atakayeumia ni mgonjwa.