Je, Wajua? Bloku Kwanza, Turbo Baadaye

Je, wajua kwamba barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 tu, inakutoa takriban mita 400 juu ya usawa wa bahari na kukufikisha karibu mita 1,400? Hewa ya juu kule ni nyepesi kwa karibu asilimia 9, na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Basi mwenye hamu ya kupanda kona za Soni kwenye barabara hiyo kwa kishindo huanza kuulizia turbo. Aanze na bloku. Turbo utaibadilisha mchana mmoja. Bloku ikipasuka, injini yote imekwisha.

Je, wajua kwamba namba ya chesisi inakutajia bloku kabla hujafungua boneti? Kwenye Toyota Mark II, herufi zilizotangulia X ndizo familia ya injini. GX100 na GX110 zina 1G. JZX100 ina JZ. Injini ya 1G-FE ina silinda sita za kipenyo cha milimita 75, na pistoni husafiri milimita 75: jumla cc 1,988. Ile ya 2JZ, ya familia ya JZ, ni milimita 86 kwa 86, cc 2,997. Crown nayo ni hivyohivyo: JZS171 ina bloku ya chuma cha kusubu, GRS180 iliyokuja baadaye ina ya alumini. Muuzaji atakusifia rangi na rimu. Wewe soma kibati cha chesisi.

Je, wajua kwa nini 2JZ inapendwa na watengeneza magari ya kasi duniani kote? Bloku ni ya chuma, uso wake wa juu umefungwa, na krankshafti imelala juu ya beringi kuu saba, kwa hiyo kila konrodi ina beringi kuu pande zote mbili. Japani iliuza toleo lake la turbo likiwa na nguvu za farasi 280, na mafundi wamezipita mara mbili na zaidi bila kubadilisha bloku. Kwa mtu wa Mombo mwenye bajeti ya kawaida, sioni pa kuanzia palipo bora kuliko familia hii.

Beringi kuu si jambo dogo. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya magari ya Safari (Safari Rally) kwa Volvo PV544. Injini yake ya B18 ilikuwa na beringi kuu tano. B16 iliyoitangulia ilikuwa na tatu.

Je, wajua kwamba bloku za chuma ziliitawala Safari kwa miaka mingi? Datsun 240Z ya Edgar Herrmann mwaka 1971, na ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973. Mehta akarudi na Datsun Violet akashinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Toyota Celica ya Mkenya Ian Duncan, 1994: chuma. Lancer ya Tommi Mäkinen, 1996: chuma. Alumini nayo imeshinda, maana Colin McRae alishinda Safari ya 1997 kwa Subaru Impreza.

Na Subaru ina somo lake. Kuna bloku za injini zake za EJ zilizo wazi juu, silinda zikisimama peke yake katikati ya maji. Kuna zilizofungwa nusu, na zilizofungwa kabisa. Ukiongeza msukumo wa turbo kwenye ile ya wazi, silinda hutikisika na gasketi ya hedi ndiyo inayolia kwanza. Tena EJ25 ina silinda za milimita 99.5, EJ20 za milimita 92, ilhali nafasi kutoka silinda hadi silinda ni ileile. Cc zimeongezeka, ukuta umeliwa.

Je, wajua kwamba Nelson Piquet alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1983 kwa bloku ya chuma iliyotokana na BMW za kawaida za barabarani, silinda nne, cc 1,500 na turbo?

Kabla ya kuchonga silinda ili kuongeza cc, kumbuka: pistoni iliyozidi kipenyo cha awali kwa milimita 0.50 humega kila ukuta robo milimita. Ukichonga 2JZ hadi milimita 87 unapata cc 3,067, yaani ongezeko la cc 70 hivi. Hasara hiyo ya ukuta ni ya nini? Bloku husubiwa kwa vikalibu vya mchanga, na vikalibu husogea kidogo, kwa hiyo upande mmoja wa silinda unaweza kuwa mwembamba kuliko mwingine. Kuna kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosoma unene huo bila kukata kitu. Pima kabla ya kuchonga.

Je, wajua kwamba wanaoshindana kwa sekunde chache kwenye mstari ulionyooka huwa wanamimina saruji maalumu kwenye njia za maji ili bloku ikakamae? Ukijaza hadi juu, mpando wa Soni utaichemsha.

Bloku ya chuma hukaguliwa nyufa kwa sumaku na unga wa chuma. Alumini haivutwi na sumaku. Huhitaji rangi maalumu inayopenya kwenye ufa.

Na jambo ambalo wengi hulipuuza: boliti za hedi zikikazwa, silinda hupinda kidogo. Silinda iliyosuguliwa ikiwa duara kamili mezani huacha kuwa duara garini, ringi zikavujisha. Karakana makini hufunga kwanza bamba nene la chuma mahali pa hedi, hulikaza kwa kipimo kilekile, ndipo husugua. Uliza kama wanalo la injini yako kabla hujawaachia bloku.