Kupambanua Si Kubagua

Asiyepata kufika Deep Sea, pale Tanga mjini mashua zinapoteremsha samaki, na afike siku moja amtazame mnunuzi mzoefu. Hanunui tenga zima kwa kulitupia jicho juu juu. Humshika samaki mmoja mmoja, humfunua mashavu aone kama yangali mekundu, humwangalia macho, humbonyeza nyama. Huyu humweka huku, yule humweka kule. Kazi hiyo ina majina mengi katika lugha yetu. Leo tunapenda kuyatafakari, kwa maana anayeyachanganya majina hayo huweza kumdhulumu mwenzake huku akijiona mwenye busara.

Neno la kwanza ni kutofautisha. Hilo ni kuona tu kwamba hiki si kile, wala halitoi hukumu. La pili ni kubainisha, yaani kuidhihirisha tofauti hata asiyeiona aione. Ndiyo kazi ya shahidi na ya mwalimu. Kuainisha ni kuvipanga vitu katika aina zake. Kuchambua ni kuondoa kisichotakiwa katika kinachotakiwa, kama wachambuavyo karafuu kwa kuzitenga na vikonyo vyake.

Ndipo tunapofikia neno kupambanua. Kama vile funga lilivyo na fungua, na ziba likawa na zibua, ndivyo pambana lilivyo na pambanua. Kupambana ni kukutana na kushikamana; kupambanua ni kuyaachanisha yaliyoshikamana. Kwa hiyo hatusemi kwamba mtu amepambanua chungwa na ndizi, kwa kuwa hakuna anayevichanganya viwili hivyo. Twasema amepambanua haki na batili, au ukweli na uzushi, kwa sababu mambo hayo huja yamekumbatiana, na kuyaachanisha kwataka subira.

Limebaki neno moja, kubagua. Hapo kale neno hili lilikuwa na maana ya kutenga tu: hiki mbali, na kile mbali. Lakini katika enzi ya ukoloni, shule na hospitali za Tanganyika zilitengwa, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Dhuluma hiyo ilihitaji jina, na neno kubagua likabebeshwa mzigo huo. Neno la Kiingereza lenye maana kama hiyo nalo lilipita njia hiyohiyo: kwanza lilikuwa sifa ya mwenye jicho kali, kisha likawa aibu. Tofauti yake na kupambanua ni hii: anayepambanua huchunguza kwanza, ndipo akaamua, anayebagua amekwisha kuamua, wala haoni haja ya kuchunguza.

Mkoa wetu una ushahidi wa jambo hilo. Mkonge uliletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yalienea mashamba makubwa ya Tanga, Muheza na Korogwe. Katika mashamba hayo nyuzi zilikaushwa, zikasuguliwa kwa brashi, kisha zikatazamwa kwa makini: ndefu kwa ndefu, nyeupe kwa nyeupe, zenye madoa kando. Je, waliozikata? Walitoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, kila mtu na jina lake, lugha yake na ujuzi wake. Wakaandikishwa kwa namba, na wote wakaitwa manamba. Uzi ulipambanuliwa, mtu hakupambanuliwa.

Hapa tunaona kwamba dhuluma ina milango miwili. Wa kwanza ni kuwatenga walio sawa katika utu. Wa pili ni kuwarundika pamoja walio mbalimbali katika matendo. Mlango huu wa pili tunaupita mara nyingi bila kujua. Kijana mmoja akiiba kuku, twasema, “Ukoo ule ndivyo ulivyo.” Mgeni mmoja akitudanganya, twalilaumu kabila lake zima, na tukiulizwa twajibu kwa methali kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali ile ni onyo la kumwondoa aliyeoza mapema. Haikuwa ruhusa ya kulimwaga tenga zima. Mnunuzi wa Deep Sea alijua hayo: aliyeoza alimtupa, na waliosalia akawalipia.

Wapendwa, wiki inayoanza leo italeta mbele yetu mfanyakazi mpya, mpangaji mpya, mchumba wa mtoto wetu. Kabla ya kuuliza ametoka wapi, tumtazame yeye mwenyewe, jinsi anavyosema na anavyotenda. Ikiwa samaki wa shilingi chache hufunuliwa mashavu kabla ya kukataliwa, mwanadamu anastahili kuchunguzwa kwa uangalifu ulio mkubwa zaidi.