Asiyekula nyama akichinjiwa kuku ukweni afanyeje?

Kuku akishachinjwa, ni kazi kusema hapana. Kwa mtu anayekula vyakula vya mimea tu, hapo ndipo ugeni Shinyanga au Geita unapogeuka mtihani. Akila, amevunja msimamo wake. Akikataa, anaonekana ana dharau au anahofia kuwekewa kitu.

Kwa Wasukuma, kuku ni heshima ya mgeni. Anachinjiwa mmoja, na pengine anaondoka na mwingine mzima mkononi.

Tatizo ni neno "nyama"

Wengi wakisikia "sili nyama" wanaelewa ng'ombe na mbuzi. Mgeni analetewa kuku, samaki, au mlenda wenye dagaa. "Mboga" nayo haisaidii, maana mezani ni kitoweo chochote, hata nyama. Dawa ni kutaja kimoja kimoja: nyama, kuku, samaki, dagaa, mayai, maziwa.

Aseme kabla ya safari

Simu moja inaokoa kuku. Ukweni, ujumbe aupeleke mke au mume, na usiishie kwenye "hapana". Utaje anachokula: "Mama, mgeni wetu anatumia ugali na maharage. Akipata nsansa ya karanga au michembe, atafurahi sana." Hapo mwenyeji ana cha kuandaa.

Sababu iwe fupi na ya kweli. Kanisa la Waadventista Wasabato, lenye waumini wengi Kanda ya Ziwa, linahimiza vyakula vya mimea ingawa halilazimishi, kwa hiyo "ni imani yangu" si jambo geni. Kusingizia ugonjwa kuna gharama: familia nzima itaanza kumuuguza mtu asiyeumwa.

Kama ameshachinjwa

Ashukuru kwanza. Kisha aombe kitoweo wapewe watoto, maana wahenga walishasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Muhimu zaidi, ugali na majani ale ashibe. Akidonoadonoa, maneno yanaanza.

Machimboni je?

Huko ni nafuu kidogo, kwa sababu kwa mama lishe kila mtu anaagiza chake. Swali la kuuliza ni moja: maharage yameungwa na nini? Rafiki akinunulia watu mishikaki, mgeni aombe ndizi za kuchoma na soda, akae nao mpaka mwisho. Kinachotafutwa pale ni kukaa pamoja.

Kuku mzima wa zawadi

Huyu apokewe kwa mikono miwili na "wabeja sana", yaani asante sana. Kumpokea si kumla. Anaweza kufugwa au kupewa jirani huko nyumbani. Asiuzwe tu stendi ya kijiji kile kile: habari zitafika ukweni kabla basi halijaondoka.