Dawa ya Upara Haimhusu Baba Peke Yake

Mwanaume humweleza mwenzake habari za homa, za jino, hata za deni, lakini habari za nywele zinazompukutika huzificha. Kijana wa miaka ishirini na mitano aonaye utosi wake ukianza kung'aa hununua kofia, au hunyoa kichwa kizima, au huanza kutafuta dawa kwa siri. Hapa Golf, mtaa huu wa Lubumbashi wakaamo watu wengi wa ofisi, wa biashara na wa migodi, siri hiyo imepata njia nyepesi. Simu humwonyesha mtu picha mbili, moja ya kichwa chenye upara, na nyingine ya kichwa kile kile chenye nywele tele. Hutuma fedha, na chupa huletwa mpaka langoni. Usiku baba hujipaka dawa na kulala. Mama hajui ndani ya chupa mna nini, na mtoto mchanga amelala kati yao.

Hatuandiki ili kumcheka mwenye upara, wala ili kumkataza dawa. Dawa za kweli zipo. Twataka kueleza ni dawa gani, zafanya kazi namna gani, na kwa sababu gani mume atakaye kujipaka dawa ya namna hii yampasa amweleze mkewe kabla ya kufungua chupa.

Nywele hupukutika kwa nini?

Tangu kale watu waliona kwamba matowashi hawapati upara. Hippocrates, mganga wa Wayunani, aliliona jambo hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ila sababu yake hakuijua. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hubaki na nywele zao. Lakini wakipewa homoni ya kiume, wale waliozaliwa katika jamaa zenye upara huanza kupata upara, na wengine la. Basi vitu viwili vyahitajika: homoni na urithi. Na urithi huo hutoka kwa baba na kwa mama pia. Si kweli kwamba upara hutoka kwa wajomba tu.

Homoni ni kitu kinachotengenezwa mwilini na kuchukuliwa na damu, mfano wa mjumbe apelekaye amri ya mkubwa. Homoni kuu ya kiume yaitwa testosteroni. Katika ngozi ya kichwa mna kimeng'enya, yaani kitu cha mwili kinachogeuza kitu kimoja kuwa kingine, nacho huigeuza testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, iitwayo kwa kifupi DHT. Kwa mtu mwenye urithi wa upara, mashina ya nywele za mbele na za utosini hudhoofishwa na DHT hiyo. Nywele moja ikianguka, ile inayofuata huwa nyembamba na fupi kuliko ya kwanza, na ya tatu huzidi kupungua, mpaka ngozi yaonekana tupu. Nywele za kisogoni na za kando ya masikio hazisikii amri hiyo. Ndiyo maana hata mzee mwenye upara mkubwa hubaki na nywele kama utepe kuzunguka kichwa chake.

Kwa hiyo wale wasemao kwamba upara huu huletwa na kofia, au na kufikiri mno, au na maji ya bomba, wanakosea. Na yule auzaye mafuta ya kulainisha ngozi akisema yataotesha nywele, hauzi ila mafuta.

Watoto wa Las Salinas

Dawa ya kuzuia DHT ilipatikana kwa njia ambayo yatupasa kuieleza, maana ndani yake ndimo hatari yenyewe inamoonekana. Katika Jamhuri ya Dominika, nchi ya bahari ya Karibi, kuna kijiji kiitwacho Las Salinas. Huko walizaliwa watoto walioonekana kuwa wasichana. Wakapewa majina ya kike, wakalelewa kama wasichana wengine. Walipofika umri wa kubalehe, sauti zao zikawa nzito, mabega yakapanuka, nao wakajulikana kuwa ni wavulana. Mwaka 1974 daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza sababu. Watoto hao walizaliwa na upungufu wa kimeng'enya kile tulichokitaja. Hivyo tumboni mwa mama zao hawakupata DHT ya kutosha, nayo DHT ndiyo iumbayo viungo vya nje vya mtoto wa kiume.

Watu hao walipokuwa wazima, ilionekana kwamba tezi dume yao ni ndogo, na nywele zao za mbele hazirudi nyuma. Wenye viwanda vya dawa wakawaza: je, tukikizuia kimeng'enya hicho kwa dawa, hatutaweza kumsaidia mzee mwenye tezi dume iliyovimba? Ndivyo ilivyopatikana dawa ya finasteridi. Mwaka 1992 iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa tezi dume, na mwaka 1997 kwa upara wa wanaume, katika vidonge vya miligramu 1.

Msomaji mwangalifu amekwisha kuliona jambo lenyewe. Upungufu ule ule uliowahifadhia watu wa Las Salinas nywele zao ndio uliobadili maumbile yao walipokuwa tumboni. Dawa iletayo faida ile ya kwanza yaweza kuleta na hasara ile ya pili, endapo itamfikia mama mwenye mimba ya mtoto wa kiume. Kwa hiyo karatasi ya maelezo ya vidonge vya finasteridi huonya kwamba mwanamke mwenye mimba asishike kidonge kilichovunjika au kusagwa.

Dawa za kupaka

Wanaume wengi waliogopa vidonge, kwa kuwa kidonge huzunguka mwili mzima. Wengine walipungukiwa na hamu ya tendo la ndoa au nguvu zake, wengine walipatwa na huzuni. Mwaka 2025 wakubwa wa dawa wa Umoja wa Ulaya walithibitisha kwamba mawazo ya kutaka kujiua yamo katika madhara ya vidonge hivyo. Ndipo wataalamu waliposema: kama ugonjwa uko kichwani, na tupake dawa kichwani.

Fikira hiyo ni nzuri, nayo ina ushahidi. Katika uchunguzi uliofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2022, wanaume walipulizia finasteridi ya maji kichwani kwa majuma 24. Nywele katika kipande cha utosi kilichopimwa ziliongezeka kwa 20 hivi, na kwa wale waliopulizia maji yasiyo na dawa ziliongezeka 7 tu. Lakini tuangalie hesabu nyingine ya uchunguzi ule ule. DHT katika damu ya waliomeza vidonge ilipungua kwa asilimia 55 hivi. Kwa waliojipaka ilipungua kwa asilimia 34 hivi. Yaani dawa iliyopakwa juu ya ngozi haikukaa juu ya ngozi tu. Sehemu yake iliingia katika damu. Asemaye kwamba dawa ya kupaka haiingii mwilini hasemi kweli.

Mwezi wa Aprili 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya finasteridi ya kupaka inayochanganywa na wauza dawa na kuuzwa kwa njia ya simu na mtandao. Ilikuwa imepokea taarifa 32 za watu walioudhika, tangu mwaka 2019 mpaka 2024: uchovu, kukosa usingizi, huzuni, upungufu wa nguvu za kiume. Wengine walisema kwamba hawakuambiwa lolote juu ya hatari hizo kabla ya kununua.

Iko pia dawa nyingine, klaskoteroni, ambayo haizuii kimeng'enya, bali huziba mlango ambao homoni hupitia ili kuingia katika shina la nywele. Krimu yake, iitwayo Winlevi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020, lakini kwa ajili ya chunusi. Kwa upara ilijaribiwa katika maji yenye nguvu zaidi, na mwaka 2025 ilikuwa haijapata idhini kwa kazi hiyo. Na iko ile iitwayo RU58841, iliyobuniwa Ufaransa na kampuni ya Roussel-Uclaf. Hiyo haikupata kamwe kuwa dawa iliyoidhinishwa. Hata hivyo watu huiuza kama unga wa maabara, na vijana huinunua. Kujipaka kitu cha namna hiyo ni kujifanya panya wa majaribio, tena kwa fedha zako mwenyewe.

Mto wa kulalia na mikono ya baba

Sasa turudi nyumbani. Dawa iliyo juu ya kichwa cha baba hufika kwenye mto wa kulalia, kwenye taulo, kwenye kitana, na kwenye mikono inayombeba mtoto. Chupa nyingi zina pia minoksidili, dawa nyingine ya kuotesha nywele, ambayo haihusiani na homoni. Mwaka 2023 huko Navarra, nchini Hispania, mtoto mchanga aliota nywele ndefu mgongoni na miguuni. Waganga walipouliza, walitambua kwamba baba yake, aliyekuwa akimlea nyumbani, alikuwa akijipaka minoksidili kichwani. Baba alipomwepusha mtoto na dawa hiyo, nywele zile zilitoweka. Visa vingine vya namna hiyo vilijulikana Ulaya, na maonyo yakaongezwa katika karatasi za dawa.

Hatusemi kwamba mama aliyegusa chupa mara moja aanze kulia. Lakini kinga yake ni rahisi, na yule astahiliye kukingwa bado yumo tumboni, hawezi kujisemea. Baba apake dawa mapema, iwe imekauka kabla ya kulala. Anawe mikono kwa sabuni. Awe na taulo yake na mto wake. Mtoto asishike kichwa chake. Mama mwenye mimba, au atazamiaye kupata mimba, asimpake mumewe dawa ya namna hii, wala asioshe chupa yake. Na mume na mke wanaotafuta mtoto na kuchelewa kumpata wamweleze daktari habari za dawa hiyo, kwa kuwa finasteridi yaweza kupunguza ubora wa mbegu za kiume kwa wanaume wengine, nao huwa afadhali wakiiacha.

Mambo haya yote hayawezekani kwa siri. Mume anayeficha chupa nyuma ya kabati amemnyima mkewe nafasi ya kujilinda, yeye na mtoto aliye tumboni. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Hapa aumbuliwaye aweza kuwa mwingine, asiye na kosa.

Mama na binti wafanyeje?

Akina mama nao hupoteza nywele, na wauzaji huwatolea chupa ile ile. Wajihadhari. Nywele za mwanamke wa Kiafrika mara nyingi hukatika kwa sababu nyingine kabisa, yaani kuvutwa. Misuko ya kubana, nywele za kuongezea zilizo nzito, na dawa za kunyoosha nywele hung'oa nywele za pembeni mwa paji la uso. Wachunguzi wa Cape Town waliandika mwaka 2007 kwamba karibu mwanamke mmoja katika kila watatu waliopimwa alikuwa na dalili za kuvutwa huko. Na kwa wasichana wa shule, 17 kati ya 100. Dawa ya kuzuia homoni haisaidii hapo. Kinachosaidia ni kufungua msuko. Msuko ukiuma usiku wa kwanza, au ukitoa vipele vidogo pembeni, umebana mno. Ukifunguliwa mapema nywele hurudi. Ukiachwa miaka mingi shina hufa, na hakuna chupa itakayolifufua.

Na mtoto wa shule mwenye mabaka kichwani yenye magamba hana upara. Ana mapunye, nayo hutibiwa kwa dawa ya kumeza anayoandikiwa na daktari.

Kabla ya kununua

Anayetaka kutibiwa upara na amwone daktari kwanza, ili ajue kama nywele zake zaanguka kwa urithi, kwa kuvutwa, kwa ugonjwa wa ngozi, au kwa upungufu wa damu. Anunue dawa katika duka la dawa linalojulikana, yenye jina la mtengenezaji, kipimo cha dawa, tarehe ya mwisho, na karatasi ya maelezo katika lugha aijuayo. Chupa isiyo na karatasi, hata kama imetoka mbali na kuvuka Kasumbalesa kwa gharama kubwa, na ibaki kwa mwenyewe. Ajue pia kwamba dawa hizi huhitaji miezi mitatu mpaka sita kabla ya kuonyesha faida, na kwamba akiziacha, faida hiyo hupotea kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Si matumizi ya mwezi mmoja, bali ya miaka. Na ahesabu vema kama fedha hizo zaweza kutoka kila mwezi bila kugusa ada ya shule na chakula cha nyumbani.

Akiisha kuyapima hayo yote, akaona kwamba dawa yamfaa, ajipake bila aibu. Akiona haimfai, na anyoe, maana upara haumwumizi mtu wala haumfupishii maisha. Lakini kwa njia yoyote atakayoichagua, shauri hilo lifanywe na watu wawili, mume na mke, huku karatasi ya dawa iko mbele yao, nao wameisoma mpaka mwisho.