Udongo mumoja, feza sawa

Kila mwaka, tangu mwisho wa mwezi wa tano mpaka mwanzo wa mwezi wa sita, wachezaji wakubwa wa tenisi wanakutana Paris, ku kiwanja cha Roland-Garros. Jina lile si la mchezaji. Roland Garros alikuwa rubani wa ndege aliyekufa mu vita mwaka 1918. Kiwanja kilijengwa miaka kumi kisha, 1928. Mwaka 2025 walioshinda ni Coco Gauff wa Marekani na Carlos Alcaraz wa Espagne. Alcaraz alipigana na Jannik Sinner wa Italia saa tano na dakika 29. Finali ndefu vile haijaonekana kule.

Sisi tunaokula kwa jasho la udongo, tuangalie kwanza chini ya miguu yao. Wafaransa wanaita kiwanja kile «terre battue», lakini hakikuchimbwa: kilijengwa, safu yulu ya safu. Chini kabisa kuna mawe makubwa. Yulu yake changarawe. Kisha «mâchefer», ni kusema mabaki ya makala ya mawe kisha kuungua. Batu ba fonderi wanajua kitu cha namna ile. Kisha jiwe nyeupe la chokaa lililosagwa na kushindiliwa. Mwisho, yulu kabisa, unga wa matofali mekundu, milimeta moja ao mbili tu. Ile nyekundu tunayoona mu televizyo ni kama rangi yulu ya ukuta. Wachezaji wanasimama paka yulu ya chokaa.

Na kiwanja kile kinataka kazi kila saa. Maji yakikosa, vumbi inaruka. Maji yakipita kipimo, mchezaji anateleza. Wafanyakazi wanakokota nyavu ili kusawazisha unga, wanafagia mistari, na mvua ikikaribia wanakimbia na mahema ya kufunika. Mupira ukianguka, unaacha alama. Wachezaji wakibishana, mwamuzi anashuka toka ku kiti chake, anaangalia alama, anakata neno. Udongo njo shahidi.

Sasa tuje ku mambo ya feza. Mwaka 1968, Roland-Garros ilifungulia mlango wachezaji wanaolipwa. Mshindi wa wanaume, Ken Rosewall, alipewa franka 15.000. Kwa mshindi wa wanawake waliweka franka 5.000. Udongo mumoja, jua moja, lakini mwanamke sehemu moja ju ya tatu. Billie Jean King na wenzake walikataa hali ile. Mwaka 1973 waliunda chama chao, na mwaka ule ule mashindano makubwa ya Marekani yakalipa sawa. Paris ilikawia. Ni mwaka 2007 tu ndipo wanawake walilipwa sawa na wanaume, toka mzunguko wa kwanza mpaka finali. Mwaka 2025, Gauff na Alcaraz walipokea kila mmoja euro 2.550.000.

Wengine wanasema: wanaume wanatafuta seti tatu za kushinda, wanawake mbili, basi kazi si sawa. Neno lile tunalisikia hata kwetu. Lakini tupime vizuri. Kama Alcaraz angemaliza Sinner kwa saa mbili, angepokea feza ile ile. Hakuna mwanaume aliyekatwa mushahara kwa sababu alishinda mbio. Wanalipa ushindi, hawalipi saa.

Kazi haijaisha. Mechi kubwa ya usiku, wanawake wanapewa mara chache sana. Mwaka 2025 Ons Jabeur wa Tunisia alilalamika waziwazi.

Mwaka ule ule tuliona pale mutoto wa damu yetu: Victoria Mboko wa Canada, miaka 18, wazazi wake Wakongomani. Aliingia kwa kupita mechi za mchujo, akafika mzunguko wa tatu. Mwezi wa munane akashinda mashindano makubwa ya Montréal. Wazazi wenye mabinti nyumbani, wawaambie habari ile.

Na sisi wenyewe? Ku machimbo, mwanaume anashuka mu shimo, bamama wanaosha na kuchagua mawe, maji mpaka magoti, mutoto mu mugongo. Jioni ya kugawanya, mara mingi sehemu ya mama njo ndogo, na wa kwanza kuulizwa sababu ni mume wake, kaka yake, mukubwa wa kikundi. Mechi za mwaka kesho zikianza, baba na mama waziangalie pamoja. Kisha, televizyo ikizimwa, wahesabu pamoja feza za juma lile: nani alifanya nini, na nani alipokea ngapi.