Ada ya Kadi na Ridhaa ya Mwenye Kukodi Gari

Wazee wetu wa pwani, waliozoeana na biashara tangu zama za majahazi, walifundishwa na wanazuoni kwamba bei haitimii ila kwa ijabu na kabuli, yaani huyu atoe neno lake na yule alipokee, na kwamba ridhaa ya mtu juu ya jambo asilolijua haihesabiwi kuwa ridhaa. Kwa kipimo hicho cha kale nalitazama jambo la leo, dogo kwa hesabu yake lakini zito kwa maana yake, nalo ni ada ya ziada anayotozwa mtu alipiaye gari la kukodi kwa kadi ya mkopo.

Tuitazame Australia, ambako ada hii imekuwa mazoea kwa miaka mingi. Msafiri huweka nafasi ya gari angali nyumbani, ametulia, baada ya kulinganisha bei za kampuni mbili tatu. Wiki kadhaa baadaye hushuka uwanja wa ndege wa Melbourne, watoto mkononi na mizigo miguuni, akasimama mbele ya kaunta, na hapo hutakiwa kadi, maana aghalabu kampuni haitoi ufunguo mpaka izuie katika kadi ile fedha za dhamana, lisije gari likarudi limebonyea au tangi lake tupu. Ankara ikitimia, chini ya kodi ya siku, bima na ada ya uwanja, huonekana mstari mmoja zaidi, wa asilimia ya kadi. Kwa jumla ya dola 800, asilimia 1.5 ni dola 12. Angaliijua mapema, huenda angalichagua kampuni nyingine au kadi nyingine. Sasa safari imekwisha kumfunga.

Ada yenyewe haikuzaliwa katika dhuluma. Kila kadi itumikapo, mfanyabiashara hukatwa na benki sehemu ya malipo, na kwa kawaida kadi za mkopo humgharimu zaidi kuliko zile zitoazo fedha moja kwa moja katika akaunti. Tangu 2003 Benki Kuu ya Australia iliwapa wafanyabiashara nafasi ya kumdai mwenye kadi gharama hiyo, ili alipaye taslimu asimbebee mwenziwe mzigo. Baadhi yao wakaigeuza ruhusa kuwa chumo. Ndipo, tangu 1 Septemba 2016 kwa makampuni makubwa, na mwaka mmoja baadaye kwa wengineo, ikaharimishwa kutoza zaidi ya gharama halisi ya kadi ya aina ile. Na mwaka 2019 Mahakama ya Shirikisho iliiamuru kampuni ya kukodisha magari ya Europcar kulipa dola 350,000 kwa kuuvuka mpaka huo. Uingereza na Umoja wa Ulaya zilikata shauri kali zaidi: tangu 13 Januari 2018 ada hiyo imepigwa marufuku kwa kadi nyingi za watu binafsi.

Hata ada iliyo halali kwa kiasi chake yaweza kuharibika kwa wakati wa kutajwa kwake. Sheria ya Australia huagiza kwamba, ikiwa hapana njia ya kulipa isiyo na ada, ada hiyo iingizwe katika bei inayotangazwa. Insafu ya kanuni hii huonekana zaidi katika gari la kukodi kuliko dukani, kwani mnunuzi wa dukani aweza kuirudisha bidhaa mahali pake akaenda zake, ilhali msafiri usiku wa manane, mbali na kwao, hana pa kwenda.

Basi anayekusudia kukodi na aulize kabla ya kuweka nafasi: kadi ipi haina nyongeza, asilimia ni ngapi, nayo hukokotolewa juu ya nini, kisha aihifadhi nakala ya bei aliyoonyeshwa ailinganishe na stakabadhi. Lakini dhima ya kwanza ni ya yule ajuaye. Mstari ule wa mwisho wa ankara ukiwekwa kando ya bei ya siku, kwa herufi za ukubwa ule ule, kampuni haitapoteza ila wateja ambao isingaliwapata kwa haki.