Kinga ya Madaktari Wanaochunguza Kazi za Wenzao

Katika hospitali za Marekani, leseni peke yake haimpi daktari haki ya kulaza wala kupasua wagonjwa. Ruhusa hiyo hutolewa na hospitali yenyewe, na kamati ya madaktari wenzake ndiyo hupima kama bado anaistahili. Kamati hufungua mafaili: kwa nini mgonjwa huyu alipasuliwa, alipoanza kuvuja damu nani aliitwa, na alifika baada ya muda gani. Ikiona hatari, inaweza kupendekeza daktari asimamishwe au aondolewe kabisa. Uamuzi kama huo humkatia mtu riziki, na wengi walioguswa nao wamekwenda mahakamani kudai fidia. Kinga ya kisheria iliwekwa ili hofu ya madai hayo isiwazibe midomo wanaochunguza.

Kesi iliyoamsha mjadala ilitoka Astoria, mji wa watu wapatao 10,000 katika jimbo la Oregon. Mji ulikuwa na hospitali moja tu, na madaktari wake wengi walikuwa wa kliniki moja ya binafsi. Mwaka 1973 daktari mpasuaji wa kliniki hiyo alikataa kuwa mbia na akajitegemea. Tangu hapo wenzake wa zamani walikwepa kushirikiana naye. Wagonjwa wa upasuaji walipelekwa hadi umbali wa kilomita 80 badala ya kupewa yeye. Mwaka 1981 kamati ya hospitali iliitwa kuamua kama aondolewe, na mwenyekiti wake alikuwa mtu wa kliniki ileile. Mpasuaji aliomba wajumbe waulizwe kama wana chuki naye. Walikataa. Alijiuzulu kabla hawajatoa uamuzi, na uchunguzi ukiwa bado unaendelea alishtaki kwa kutumia sheria za ushindani wa biashara.

Baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola 650,000 kwa dai hilo, na kwa kuwa sheria za ushindani huagiza fidia izidishwe mara tatu, kiasi kilikaribia dola milioni mbili. Mahakama ya rufani ilibatilisha hukumu hiyo, lakini Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Patrick dhidi ya Burget ya mwaka 1988, ilimpa mpasuaji ushindi. Kesi ikiwa bado inapanda ngazi, madaktari kote nchini walianza kuogopa kukaa kwenye kamati. Ron Wyden, mbunge kutoka Oregon hiyohiyo, alisukuma muswada wa kuwakinga, na Rais Reagan akausaini tarehe 14 Novemba 1986.

Kinga hiyo ina masharti manne. Wachunguzi wawe wameamini kwa sababu za msingi kwamba hatua yao inaboresha huduma. Wawe wamefanya juhudi ya kutosha kutafuta ukweli. Mhusika awe amepewa taarifa na nafasi ya kujitetea. Na ushahidi uliopatikana uwe unaihalalisha hatua hiyo. Sharti la tatu ndilo roho ya sheria. Daktari anaweza kuja na wakili, kuleta mashahidi na kuwahoji wa upande wa pili, tena mbele ya watu wasioshindana naye kibiashara. Yaliyotokea Astoria yanasomeka wazi katika kifungu hicho. Pale maisha ya mgonjwa yanapokuwa hatarini, hospitali inaweza kumsimamisha daktari kwanza, kisha ikamsikiliza.

Mahakama huanza kwa kuchukulia kwamba masharti yametimizwa. Mlalamikaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Hapo mzigo ni mzito mno. Majaji wengi hutazama kama sababu zilikuwepo, wala hawajali kama mchunguzi alikuwa na kinyongo moyoni. Daktari mmoja wa moyo wa Dallas alipewa na baraza zaidi ya dola milioni 360 mwaka 2004. Jaji alizipunguza sana, na mwaka 2008 mahakama ya rufani ikamnyima zote kwa sababu ya kinga. Ulinzi mkubwa kiasi hicho unakubalika tu ikiwa usikilizwaji ni wa kweli, na si wa kujaza fomu.

Sheria hiyohiyo iliunda hifadhi ya taarifa ya taifa, iliyofunguliwa Septemba 1990. Daktari akinyimwa ruhusa kwa zaidi ya siku 30, au akijiuzulu ili kukwepa uchunguzi, lazima aripotiwe huko, na hospitali nyingine humtafuta humo kabla ya kumpokea. Hospitali isiyoripoti inaweza kupoteza kinga kwa miaka mitatu. Madhara ya kunyamaza yalionekana Texas: Christopher Duntsch, mpasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, aliondoka hospitali moja mwaka 2012 bila kuripotiwa, akaendelea kuumiza wagonjwa kwingine. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Kinga inahusu fidia tu. Mahakama bado inaweza kuamuru hatua isitishwe, na kinga haizuii madai ya ubaguzi chini ya sheria za haki za kiraia wala kesi zinazofunguliwa na serikali. Aliyetoa taarifa kwa kamati naye hulindwa, ila akijua anasema uongo. Usiri wa mafaili ya kamati ni jambo jingine: hutegemea sheria za kila jimbo, na majimbo hayafanani.